Jiwe Hili Lilikata Nini?

Shangazi yangu wa Tanga ana visu viwili alivyovinunua siku moja, kwa muuzaji mmoja, vyenye mipini myeusi ya plastiki na urefu uleule. Mwezi Agosti, nikiwa jikoni kwake, nilichukua kimoja ili nikate mkate wa asubuhi, naye akakitoa mkononi mwangu kabla sijaugusa mkate.

"Hicho cha samaki, mwanangu. Chukua kile."

Nilivilaza vyote viwili juu ya kibao na sikuona tofauti. Nilivinusa, vilinuka sabuni. Nikamuuliza amejuaje. Bila kuiacha chai yake motoni, alipitisha kidole gumba ubavuni mwa makali, akasema kwamba hiki kimelika huku mbele kwa sababu ya kupasua matumbo ya samaki na kugonga miiba, na kile kimelika katikati kwa sababu ya vitunguu na kibao. Alivyosema ilikuwa kama mtu anayeulizwa watoto wake amewatambuaje.

Nilikata mkate kwa kisu nilichoruhusiwa, na jambo hilo lingeishia pale mezani. Lakini begini mwangu nilikuwa na makala niliyopanga kuisoma ndani ya basi, kuhusu zana za mawe za wachemsha chumvi wa Kimaya, wenyeji wa kale wa Amerika ya Kati, walioishi pwani ya Belize zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na swali la makala ile lilikuwa lilelile nililomuuliza Shangazi: umejuaje?

Zimepita wiki saba. Bado sijaacha kulifikiria.

Mahali pasipo na mwiba hata mmoja

Mwaka 2004, mwanaakiolojia Heather McKillop na wenzake walianza kupata nguzo za mbao za nyumba za Wamaya chini ya maji ya kina kifupi huko Paynes Creek, kusini mwa Belize. Bahari ilikuwa imepanda taratibu ikazifunika nyumba hizo pamoja na vyungu vyake vya kuchemshia maji ya chumvi, na tope la mikoko, lisilopitisha hewa, lilizuia mbao zisioze. Katika nchi za joto na mvua mbao za kale hazibaki. Mwanaakiolojia huridhika akiona tundu ambamo nguzo ilisimama. Pale zilibaki nguzo zenyewe, kwa maelfu, na pamoja nazo kafi zima la mtumbwi.

Lakini tope lilelile linalotunza mbao lina asidi, nayo huyeyusha mifupa. Kwa hiyo tunapata kitu cha ajabu: kijiji cha kazi kando ya bahari, chenye nguzo, vyungu na kafi, lakini kisicho na mwiba hata mmoja wa samaki. Ukihukumu kwa kilichobaki, utasema kwamba watu wale walikata mbao na kuchemsha chumvi, basi.

Mawe yalisema vingine.

Mwaka 2018, McKillop na Kazuo Aoyama, mtaalamu wa zana za mawe, walichapisha matokeo ya kuzichunguza kwa hadubini zana za mawe za Paynes Creek. Kwa nguzo nyingi namna ile, na kwa kuni zote zilizohitajika kuchemshia maji ya bahari, mtu yeyote angetarajia kukuta makali yaliyochoshwa na mbao. Zana za namna hiyo zilikuwa chache. Nyingi zilionyesha alama za kukata samaki au nyama, na nyingine alama za kufanyia kazi ngozi.

Msomaji aliyekulia Pwani ameshaelewa kabla sijaeleza. Palipo na samaki, chumvi na jua, pana ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Kwa muda mrefu mjadala kuhusu chumvi ya Wamaya ulikuwa wa hesabu: miji ya bara ilihitaji chumvi kiasi gani, nayo ilipandishwa vipi kwa mitumbwi kupitia mitoni. Makali ya mawe yaliongeza kwamba sehemu ya chumvi ile huenda haikusafiri kama chumvi. Iliishia palepale ndani ya minofu, na bidhaa iliyopakiwa mtumbwini ikawa samaki asiyeoza njiani.

Kilichonikaa moyoni si habari ya biashara. Ni kwamba samaki wote wale, kazi ya vizazi kadhaa vya watu, hawakuacha kitu duniani isipokuwa mng'aro hafifu kwenye ukingo wa jiwe, mwembamba kiasi kwamba bila hadubini hauonekani.

Namna ya kuyasoma makali

Elimu hii haikuanzia kwa Wamaya. Sergei Semenov, mtafiti wa Umoja wa Kisovyeti, alichapisha mwaka 1957 kitabu kilichoonyesha kwamba zana ya jiwe hubeba michirizi na mikwaruzo ya kazi yake, na kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1964 watafiti wa Magharibi nao wakaanza kuinama juu ya hadubini. Katika miaka ya 1970 Lawrence Keeley aliongeza ukuzaji wa picha na kudai jambo kubwa zaidi: kwamba kila kitu kinachokatwa huacha mng'aro wa namna yake. Mabua na nyasi huacha mng'aro mkali, wakati mwingine hata wa kuonekana kwa macho matupu. Ngozi kavu huyafifisha makali na kuyaviringa kama yaliyopigwa msasa. Nyama huacha ung'avu hafifu, kama wa mafuta, tena baada ya kukata kwa muda mrefu.

Mwaka 1981, yeye na Nicholas Toth waliichukua njia hiyo hadi kwenye mawe ya Koobi Fora, kaskazini mwa Kenya, yenye umri wa miaka milioni 1.5 hivi. Kati ya zana 56 walizozichunguza, 9 zilikuwa na alama za kusomeka: za nyama, za mbao, na za majani laini au mabua. Ninalitaja hilo kwa sababu mara nyingi tunaonyeshwa mawe ya kwetu kama ushahidi wa akili ya binadamu wa kwanza, na ni nadra kuambiwa kwamba mtu fulani pale alikuwa tu anakata majani.

Sasa shaka. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1977, mtafiti Mark Newcomer alitengeneza zana kadhaa za mawe, akazitumia kwa kazi mbalimbali, kisha akampa Keeley azisome bila kumwambia lolote. Keeley alitambua vizuri sana sehemu ya jiwe iliyotumika. Alipofika kwenye swali la kitu gani kilikatwa, alipata mara nyingi kuliko alivyokosa, lakini alikosa. Mtu anayesoma kwamba jiwe fulani lilikata samaki anapaswa kukumbuka kwamba anasoma hukumu ya jicho lililofunzwa, na kwamba jicho hilo lina siku zake mbaya.

Ndiyo maana kazi ya Aoyama inanivutia kuliko madai yake. Kabla ya kusoma zana za Wamaya alifanya majaribio mengi nchini Honduras, akichonga nyembe na vibanzi vya mawe ya huko na kukata navyo mbao, mifupa, kombe, ngozi na nyama, ili apate kitu cha kulinganishia. Yaani alianza kwa kuwa na jiko lake mwenyewe.

Mikono ya waungwana

Miji mingi ya Wamaya ilihamwa polepole. Watu waliondoka na vyombo vyao, na vile vilivyobaki vilitupwa, vikasogezwa, vikachanganyika. Aguateca, katika jimbo la Petén nchini Guatemala, haikupata nafasi hiyo. Karibu na mwaka 810 ilishambuliwa na kuchomwa moto, na wakazi wa kitovu cha mji, watu wa karibu na mfalme, walikimbia au walitekwa huku wakiacha kila kitu sakafuni. Mwanaakiolojia Takeshi Inomata alipozichimba nyumba hizo, alivikuta vitu pale vilipokuwa siku ile, vimefunikwa na kuta zilizoanguka.

Aoyama alipitia zaidi ya vipande 10,000 vya mawe kutoka katika mji ule.

Nakiri kwamba kabla ya kusoma matokeo yake nilikuwa na picha kichwani ambayo sikujua nimeitoa wapi. Mwungwana wa Kimaya amekaa kwenye benchi la mawe, amevaa manyoya ya ndege, ameshika kalamu ya nywele. Kazi ya kutoka jasho inafanyika nyuma ya nyumba, kwa mikono ya wengine. Labda niliitoa kwetu. Neno lenyewe, mwungwana, lilibeba Pwani maana ya mtu asiyechafua mikono, na nilikuwa nimelivisha Guatemala bila kuomba ruhusa.

Makali ya Aguateca yanakataa picha hiyo. Katika nyumba za watu wa baraza la mfalme kulikuwa na zana zilizochonga mbao, zilizokata kombe na mifupa, zilizokwangua ngozi. Kulikuwa na mashoka madogo ya mawe yaliyosuguliwa ambayo alama zake zilimfanya Aoyama aseme yalitumika kuchongea zile nguzo kubwa za mawe zenye sura za wafalme. Katika nyumba hizohizo kulikuwa na mawe ya kusagia, mitungi, na vyombo vya kusagia rangi za waandishi. Mwandishi, mchongaji na mtu wa nyumba yenye njaa ya kawaida ya jioni walikuwa wakiishi chini ya paa moja, na yaelekea mara nyingi walikuwa mtu mmoja.

Hapa nilikwama kwa siku kadhaa. Jiwe kukutwa nyumbani mwa mwungwana hakumaanishi kwamba mkono ulioshika jiwe ulikuwa wake. Nyumba kubwa huwa na watu wengi ndani. Hadubini inaweza kuniambia kwamba makali haya yalikata kombe. Haiwezi kuniambia kama aliyekata alikuwa bwana wa nyumba, binamu yake maskini, au mtumishi ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Kinachonisogeza upande wa Aoyama ni ushahidi usiotoka kwenye mawe ya kukatia. Maandishi ya Wamaya wa kipindi kile yanawataja waandishi na wachongaji wenye vyeo vya heshima, na katika baadhi ya miji wachongaji walitia sahihi zao juu ya kazi walizozifanya. Hakuna anayetia sahihi juu ya kazi anayoionea haya. Kuhusu dai lake la pili, kwamba wanawake wa nyumba hizo nao walikuwa mafundi, ninalikubali kwa tahadhari, kwa kuwa linategemea vyumba ambamo vifaa vya kusokotea nyuzi na kupikia vilikutwa karibu na zana za kuchongea. Chumba hakina jinsia mpaka sisi tukipe. Hata hivyo, anayekataa dai hilo naye atapaswa kueleza kwa nini anaamini kwamba mwanaume pekee ndiye aliyeingia chumba cha kusokotea nyuzi ili akate kombe.

Simu kwa Shangazi

Wiki ya nne nilimpigia simu Shangazi. Nilitaka kujua jambo moja dogo: je, kisu cha samaki kilikuwa cha samaki tangu kiliponunuliwa?

Alicheka kwanza. Kisha akasema kwamba mnoa visu mwenye baiskeli hupita mtaani mara moja moja, na akishavinoa, visu vyote viwili hurudi vikiwa sawasawa kama siku ya dukani.

"Basi unajuaje ni kipi cha samaki?"

"Sijui. Nachagua kimoja, ndiyo kinakuwa cha samaki."

Nilikata simu nikiwa na wasiwasi zaidi kuliko nilivyokuwa. Nilikuwa nimejenga hoja nzima juu ya kumbukumbu ya makali, na sasa niliona kwamba kumbukumbu hiyo inaishia kwa mnoa visu. Makali huonyesha kazi ya tangu yaliponolewa mara ya mwisho. Kisu kinaweza kuwa kimekata samaki miaka mitano na vitunguu wiki mbili, na ni vitunguu tu vitakavyosomeka.

Jiwe nalo hunolewa. Fundi huugonga ukingo uliochoka, kibanzi kinaruka, na makali mapya yanatokea yakiwa hayajui lolote.

Nilipata faraja mahali nisipotarajia, kaskazini mwa Belize. Pale kuna mji wa kale unaoitwa Colha, uliojengwa juu ya ardhi yenye gumegume bora, jiwe gumu la kuchongea zana, na wakazi wake waligeuza uchongaji kuwa kazi ya mji mzima. Thomas Hester na Harry Shafer, walioanza uchimbaji mkubwa pale mwaka 1979, walikuta karakana zenye marundo ya vibanzi yaliyopita kina cha mita 1. Zilitoka hapo zana nene za umbo la yai, ambazo zikitiwa mpini huwa shoka au jembe, na zana nyingine inayofanana na tezo, ambayo ukingo wake wa kazi ulipatikana kwa pigo moja la ubavuni, likiangusha kibanzi kilichopinda ambacho watafiti wanakifananisha na ganda la chungwa. Vibanzi hivyo vimejaa Colha kwa sababu ndipo makali ya kwanza yalipozaliwa.

Zana zenyewe ziliondoka. Nyingi zilikwenda vijijini kwa wakulima, kama kule Pulltrouser, ambako watu walilima matuta yaliyoinuliwa juu ya kinamasi. Huko hakuna marundo ya uchongaji wa mwanzo. Kuna zana zilizovunjika, zilizofupishwa, zilizogeuzwa kazi, na kuna vibanzi vidogo vilivyoruka wakati zana zilipokuwa zikinolewa upya. Vibanzi hivyo, kwa kuwa vilitoka kwenye ukingo uliokwisha kutumika, vimebeba mng'aro wa kazi mgongoni.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu.

Zana iliyonolewa imesahau, lakini kile kilichonolewa kikaanguka kimekumbuka. Kazi ya mkulima wa Pulltrouser haikupotea. Ilimwagika chini palepale aliposimama kunoa jembe lake, kipande baada ya kipande, kila kimoja kikiwa na msimu wake. Cheche za baiskeli ya mnoa visu wa Tanga zinapotelea hewani. Za mawe zimelala ardhini zaidi ya miaka 1,000.

Hilo pia limenifanya nichukie kidogo maandishi ya kwenye makabati ya makumbusho. Zana ya umbo la yai inaandikwa "shoka" na msomaji anaona msitu ukianguka. Lakini umbo halisemi hivyo. Zana ya umbo lilelile inaweza kuwa imekata mti asubuhi na kupasua udongo mchana, na katika nchi isiyo na chuma wala mnyama wa kukokota jembe, sioni kwa nini mkulima angebeba mbili.

Lundo juu ya kaburi

Kuna mtego mwingine, nao nitaupita haraka. Ukikuta lundo kubwa la vibanzi, ni rahisi kusema kwamba hapa ndipo fundi alipokaa. Hattula Moholy-Nagy, aliyefanya kazi kwa miaka mingi juu ya vitu vya Tikal, mji mkubwa wa Wamaya nchini Guatemala, alionya mwaka 1990 kwamba tumeziita karakana sehemu nyingi ambazo hazikuwa karakana. Vibanzi vinakata miguu. Watu walivifagia, wakavizoa, wakavitupa mbali au wakavijazia kwenye misingi. Tikal walifanya zaidi ya hapo: walivimwaga kwa wingi juu ya makaburi ya wakubwa wao, vya gumegume na vya obsidiani, kioo cha volkano, pamoja.

Sipendi maelezo ya haraka kuhusu jambo hilo. Labda makali yalikuwa ulinzi, labda heshima. Ninachokiona ni kwamba mabaki ya kazi ya mafundi wengi, takataka iliyofagiwa sakafuni kwao, yalistahili kumfunika mfalme.

Jadeiti mikononi mwa mchemsha chumvi

Narudi Paynes Creek kwa sababu kuna kitu kimoja nilikiruka, nacho ndicho kilichoniondolea uhakika wangu wa mwisho.

Katika eneo moja la chumvi liitwalo Ek Way Nal, kikosi cha McKillop kilipata patasi ya jiwe ikiwa bado ndani ya mpini wake wa mbao ngumu ya miti ya huko. Mpini tu ungetosha kuwa habari. Lakini jiwe lenyewe lilikuwa jadeiti, jiwe la kijani la thamani, tena ya ubora wa juu kabisa, ile inayopitisha mwanga. Jadeiti ya Wamaya hutoka bonde la Motagua nchini Guatemala, na kila tunapoisoma imetundikwa kifuani mwa mfalme, imewekwa kinywani mwa maiti, imechongwa sura ya mungu. Hapa ilikuwa imetiwa mpini na kufanyishwa kazi mahali penye moshi na maji ya chumvi.

Matokeo yalitoka mwaka 2019. Watafiti walidhani patasi ile ilikuwa ya mbao. Alama hazikuunga mkono dhana hiyo. Wanafikiria kazi laini zaidi: kukwangua chumvi, kuparuza samaki, kusafisha vibuyu.

Mtu wa kwanza niliyemsimulia, rafiki yangu mwalimu wa historia, alijibu papo hapo kwamba lazima iliibwa kwa tajiri fulani. Nami nilikuwa nimefikiri hivyohivyo, na ndiyo sababu jibu lake lilinikera. Kwa nini wizi ndio maelezo yanayotujia kwanza tukiona kitu kizuri mkononi mwa mfanyakazi? Watu wa Paynes Creek walikuwa na bidhaa ambayo kila jiko la bara liliihitaji. Mtu mwenye chumvi anaweza kununua. Na mtu anayejua kazi yake, akiwa na uwezo, hununua zana nzuri kabla ya kununua mkufu. Fundi yeyote wa majahazi atakwambia hivyo. Jadeiti ni ngumu na haivunjiki ovyo. Kwetu ni johari. Kwa aliyeishika, huenda ilikuwa kwanza patasi isiyomwangusha, na uzuri wake ulikuwa nyongeza, au ulikuwa sehemu ya raha ya kazi. Sioni kwa nini tumnyime raha hiyo.

Jioni ya Cerén

Tangu mwanzo nimekuwa nikizungumzia makali, yaani kukata. Lakini zana ya jiwe iliyokula saa nyingi zaidi za maisha ya Wamaya haina makali. Ni jiwe la kusagia, na mwanawe wa kushikwa kwa mikono miwili. Mahindi yaliloweshwa na kuchemshwa kwa maji ya chokaa, yakasagwa yakiwa bado na majimaji, siku baada ya siku, na mikono ya wanawake. Jiwe hilo likilainika halisagi tena. Linagongwagongwa upya ili lipate meno, na kumbukumbu yake inaondoka na vumbi. Linabaki shimo tu, refu na la kina, ambalo ni hesabu ya miaka bila majina.

Huko El Salvador, kwenye ukingo wa kusini wa nchi za Wamaya, kuna kijiji cha wakulima kiitwacho Joya de Cerén, kilichofukiwa na majivu ya volkano ya Loma Caldera kati ya mwaka 590 na 660 hivi. Tingatinga lilikigundua mwaka 1976 wakati wa kusawazisha ardhi, na Payson Sheets alianza kukichimba mwaka 1978. Wakazi walipata muda wa kukimbia. Nyumba, mashamba na vyombo havikukimbia.

Pale jiwe la kusagia halikukutwa chini. Lilikuwa limeegeshwa juu ya miti yenye panda, kiunoni, na aliyesaga alisaga akiwa amesimama. Nilipoona mchoro wake nilinyoosha mgongo bila kujua. Miaka yote nimemwona mwanamke wa Kimaya katika michoro akiwa amepiga magoti mbele ya jiwe, na sikuwahi kujiuliza kama kuna mahali ambapo mtu alichoka kupiga magoti akatafuta miti minne.

Na kulikuwa na nyembe za obsidiani, kutoka volkano ya Ixtepeque nchini Guatemala, ndefu na nyembamba, zilizotolewa kwenye jiwe mama kwa kushindilia badala ya kugonga. Makali mapya ya obsidiani ni makali kuliko chuma chochote nilicho nacho nyumbani. Nyembe hizo hazikuwa sakafuni wala karibu na jiko. Zilikuwa zimechomekwa juu, ndani ya nyasi za paa, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Hakuna hadubini iliyohitajika kulisoma hilo.

Sheets anafikiri mlipuko ulitokea jioni, katika Agosti, kwa kuwa mahindi shambani yalikuwa yamekomaa na kukunjwa, zana za kilimo zilikuwa zimerudi nyumbani, na mikeka ya kulalia ilikuwa bado haijatandikwa. Chakula kilikuwa kimeliwa. Ndani ya mabakuli kulibaki michirizi ya vidole. Vyombo havikuwa vimeoshwa, lakini nyembe zilikuwa zimesharudishwa paani.